Mstari wa Nile unaoruka ukumbini: jibu kwa mwalimu wa Jinja

Swali: «Ndugu mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Jinja. Nimetengeneza slaidi za PowerPoint zenye ramani ya Uganda, ambamo mstari wa buluu unaanzia Jinja na kuufuata Mto Nile hadi Nimule, huku wanafunzi wangu wa S.2 (kidato cha pili) wakisimulia safari ya mto kwa Kiswahili. Kila mstari unapolifikia bwawa la umeme, kitaa kinawaka. Nyumbani mambo huenda vizuri kiasi. Ukumbini, nikishaunganisha projekta, mstari unaruka, unasimama, kisha unamalizia kwa mkupuo mmoja, na wasimulizi wangu wanapotea. Meza ya mbele iko mbali na soketi, hivyo natumia betri. Faili hulifungua kutoka kwenye flashi. Kwenye laptop naona maandishi yangu ya mwongozo huku ukumbi ukiona slaidi peke yake. Laptop ni ya mtumba, ina RAM ya GB 4 na Windows 10. Fundi amenishauri ninunue nyingine yenye kadi ya michoro ya peke yake. Je, hakuna njia nyingine?»

Jibu: Mwalimu, asante kwa swali, na zaidi kwa kuniambatishia faili lenyewe, kwa sababu maelezo ya mdomo peke yake yangenifanya nibahatishe. Nianze na ushauri wa fundi: usitoe fedha bado. Nimelifungua faili lako na kukuta ndani yake mzigo mkubwa ambao hauongezi chochote machoni pa mtazamaji, na ukumbini mzigo huo huo unaongezewa mingine mitatu ambayo nyumbani haipo. Laptop yenye kadi ya michoro ya peke yake ingeubeba, ndiyo, lakini ungekuwa umenunua lori la kubebea mawe ambayo ungeweza kuyashusha bila malipo.

Ni vizuri kwanza tuelewane juu ya kinachotokea mstari unaporuka. Slaidi yenye uhuishaji si video iliyorekodiwa. Kila mara unapobofya, kompyuta hukokotoa mahali mstari ulipofika, hubuni rangi za kila nukta ya skrini, kisha hupeleka picha hiyo kwenye skrini, na kuanza upya. Skrini nyingi huchorwa mara 60 kwa sekunde, maana yake kila fremu, yaani kila picha moja ya namna hiyo, ina muda wa milisekunde 16.7 tu ya kuwa tayari. Fremu ikichelewa, ile ya zamani hubaki machoni. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba programu haiongezi muda ili kufidia ucheleweshaji huo: ukiuambia uhuishaji uchukue sekunde 12, utaisha katika sekunde ya 12 hata kama kati yake zimechorwa fremu chache mno. Ndiyo maana mstari wako husimama Ziwa Kyoga, kisha ukajikuta umeshafika Nimule. Haukukimbia, saa iliendelea kwenda wakati mchoraji amezidiwa, na aliponyanyua kichwa akachora pale saa ilipokuwa imefika.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: nani anayezidiwa, na kwa kazi gani? Kuna jaribio dogo la kulijibu ambalo halihitaji fundi. Siku utakapoingia ukumbini mapema, unganisha kila kitu kama kawaida, iendeshe slaidi ya ramani hadi mwisho, kisha, bila kufunga faili, iendeshe tena kwa Shift na F5. Kama mara ya kwanza ilikwama na ya pili ikateleza, tatizo ni usomaji: picha zilikuwa zinatolewa kwenye flashi au kwenye diski, na mara ya pili zilikuwa tayari ndani ya RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Kama imekwama vilevile mara zote mbili, tatizo ni uchoraji. Baada ya hapo chomoa projekta na uiendeshe mara ya tatu ukiwa bado kwenye betri. Ikinyooka, mzigo uko upande wa projekta. Isiponyooka, chomeka chaja na uiendeshe mara ya nne. Dakika kumi hizo zitakuambia zaidi ya siku nzima ya kubadilisha mipangilio kumi kwa pamoja, kwa sababu ukibadilisha kumi na mambo yakatengemaa hutajua ni ipi iliyokusaidia.

Nikiangalia maelezo yako natabiri kwamba utaona nafuu kidogo katika kila hatua, bila hata moja kumaliza tatizo. Basi tuzichukue moja baada ya nyingine, nikianza na zile zisizohitaji maneno mengi.

Flashi: nakili faili kwenye laptop yenyewe kabla ya kuanza, ulifungulie hapo, na flashi uirudishe mfukoni. Flashi nyingi za bei nafuu husoma polepole, hasa zikichomekwa kwenye tundu la USB la zamani, na slaidi yenye video ndani yake huendelea kuisoma flashi wakati wewe unazungumza. Kisha pitia slaidi zote mara moja wanafunzi wakiwa bado wanaingia.

Betri: laptop ikiwa haijachomekwa kwenye umeme, Windows huipunguzia prosesa kasi ili betri idumu, na sehemu ya michoro nayo hupunguziwa. Katika Windows 10, bofya alama ya betri chini kulia, na utaona kitelezi. Kisukume hadi mwisho wa upande wa kulia, upande wa utendaji wa juu. Iwapo kwenye laptop yako kitelezi hakionekani, kitafute mpangilio huo katika sehemu ya nishati kwenye paneli ya udhibiti. Lakini dawa ya kweli ni waya wa upanuzi unaotoka kwenye soketi hadi meza ya mbele, maana shughuli yenyewe ni ya nusu saa na betri ya mtumba haiaminiki. Angalia pia kwamba chaja ni ya laptop hiyo, kwa sababu baadhi ya laptop zikigundua chaja yenye wati pungufu hujipunguzia kasi ingawa alama inaonyesha kwamba zinachaji. Na kuhusu meza yenyewe: niliwahi kuitwa kwenye sherehe moja ambako slaidi zilikwenda vizuri kwa robo saa kisha zikaanza kujikokota. Laptop ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa kinene cha kitenge kilichopamba meza, na kitambaa kimeziba kabisa matundu ya feni chini yake. Prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi ili isiungue. Kitabu kigumu kilichowekwa chini ya laptop kilitosha.

Sasa projekta, ambayo ndiyo unayoishuku zaidi. Unaposema kwamba laptop inakuonyesha maandishi ya mwongozo huku ukumbi ukiona slaidi tu, maana yake unatumia mwonekano wa mtangazaji, ule wenye slaidi ya sasa, slaidi inayofuata, saa na maandishi yako. Ni kifaa kizuri sana, lakini kina gharama: kompyuta inachora uhuishaji ule ule mara mbili, mkubwa kwa ajili ya ukumbi na mdogo kwa ajili yako, kwenye skrini mbili zenye vipimo tofauti. Laptop yako ina sehemu ya michoro iliyomo ndani ya prosesa, inayoazima RAM ile ile ya GB 4 inayotumiwa na programu nyingine zote, kwa hiyo mara mbili si neno dogo. Nenda kwenye kichupo cha onyesho la slaidi, toa alama kwenye kisanduku cha «Use Presenter View», kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P na uchague skrini ya pili peke yake. Skrini ya laptop itazimika na kazi yote itaelekezwa ukutani. Maandishi ya mwongozo yachapishe kwenye karatasi, au wape wasimulizi wenyewe, jambo ambalo kwa somo la Kiswahili naona lina faida zaidi.

Wengi huchagua kurudufu, yaani laptop na projekta zionyeshe kitu kimoja. Hapo ujue kwamba skrini mbili zisizolingana hulazimishwa kukubaliana: laptop yako ina nukta 1366 kwa 768, projekta nyingi za shule zina 1024 kwa 768 au 1280 kwa 800, na moja ya pande hizo italazimika kunyoosha au kubana picha. Kama kasi zao za kuchorwa hazilingani, mwendo unaweza kutetemeka hata kompyuta isipokuwa na shida. Fungua mipangilio ya skrini, nenda sehemu ya «Advanced display settings», na uhakikishe kwamba projekta imeandikiwa 60 Hz, yaani mara 60 kwa sekunde. Ukikuta 30, kila fremu inakaa milisekunde 33, na madoido hayataonekana laini kama kwenye 60.

Tahadhari mbili kuhusu viunganishi. Waya wa VGA mrefu au mbovu huleta vivuli, rangi zilizopauka na maandishi yenye ukungu, lakini hauleti mwendo wa kuruka. Usibadilishe waya kwa sababu ya mwendo. Kiunganishi kinachogeuza tundu la kawaida la USB kuwa tundu la projekta ni habari nyingine: vingi vya aina hiyo huibebesha prosesa kazi ya kubana picha kabla ya kuipeleka, na kwenye laptop yenye tundu la HDMI au VGA la kwake sioni sababu ya kuvitumia. Kurusha picha kwa njia ya hewa kuna tatizo la aina hiyo hiyo.

Hadi hapo nimezungumzia ukumbi. Sasa nirudi kwenye faili, ambako ndiko kwenye kazi yenyewe.

Faili lenye kiishio cha pptx ni kifurushi kilichobanwa. Tengeneza nakala yake, badilisha kiishio cha nakala hiyo kiwe zip, ifungue, ingia kwenye folda iitwayo ppt na ndani yake media, uzipange picha kwa ukubwa. Nilipofanya hivyo kwa faili lako, ya kwanza kabisa ilikuwa ramani: karatasi ya A3 iliyoskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi. Hiyo ni pikseli 4,961 kwa 3,508, yaani takribani milioni 17.4. Projekta ya 1024 kwa 768 ina nukta zisizofika laki nane. Kwa maneno mengine, ramani yako ina nukta zaidi ya mara ishirini ya zile ambazo ukuta wa ukumbi unaweza kuzionyesha, na zote hizo lazima zikunjuliwe ndani ya kumbukumbu. Usidanganywe na ukubwa wa faili kwenye diski. Picha iliyobanwa ikifunguliwa ili ichorwe, kila nukta huchukua baiti nne, na ramani hii peke yake hufikia takribani MB 70. Juu ya hapo umeiwekea madoido ya kuingia kwa kukua huku ikifichuka polepole, hivi kwamba katika kila fremu kompyuta inapaswa kuipima upya picha nzima na kuichanganya na mandhari ya nyuma. Ndipo laptop inapopumua kwa shida kabla hata mstari wa mto haujaanza.

Kawaida PowerPoint huzipunguza picha yenyewe unapohifadhi, lakini katika faili lako kisanduku cha kukataza picha zisibanwe kimewekwa alama. Kipo kwenye menyu ya File, Options, kisha Advanced, sehemu ya ukubwa na ubora wa picha, na huhusu faili husika peke yake. Toa alama hiyo. Kisha bofya ramani, nenda kwenye kichupo cha muundo wa picha, chagua kubana picha, na uweke 150 kwa inchi, huku ukikubali pia zifutwe sehemu ulizozikata. Kwa nini 150 na si 96? Ramani yako inajaza kimo chote cha slaidi, ambacho ni inchi 7.5. Kwa 150 utapata nukta 1,125 za kimo, zinazotosheleza hata siku shule itakapopata projekta ya 1920 kwa 1080. Kwa 96 utapata 720 tu, na majina ya miji yatakuwa na ukungu. Ramani iliyobanwa hivyo itakuwa na nukta zisizofika milioni mbili, yaani kama MB 7 katika kumbukumbu badala ya 70, na hakuna mwanafunzi atakayeona tofauti. Fanya hivyo kwenye nakala, maana nukta zilizotupwa hazirudi. Na yale madoido ya kukua yaondoe kabisa. Ramani iwepo tu slaidi inapofunguka, kwa sababu shujaa wa slaidi hii ni mto.

Tuje kwa mto wenyewe, na hapa naomba uvumilivu wako kidogo, kwa kuwa marekebisho haya yatakusaidia katika jiografia na pia katika kasi. Umeuchora Nile kama umbo moja huru lenye mamia ya nukta za kupinda, ukaupa mng'ao wa buluu na kivuli laini, kisha ukaupa madoido ya kufunua kutoka chini kwenda juu kwa sekunde 12. Mng'ao na kivuli laini ni madoido ghali kuliko yanavyoonekana, kwa sababu ukungu wake hukokotolewa kwa kuchanganya kila nukta na majirani zake, na eneo linalohusika si upana wa mstari wako bali ni mstatili mzima unaouzunguka, ambao kwako unafunika karibu nusu ya ramani. Viondoe vyote viwili. Ukitaka mto uonekane vizuri juu ya ramani, ongeza unene wa mstari na uchague buluu iliyokolea.

Kisha ukate mto vipande vitatu. Cha kwanza kitoke Jinja kwenda kaskazini hadi Ziwa Kyoga. Cha pili kitoke Kyoga, kipite Karuma na maporomoko ya Murchison hadi Ziwa Albert. Cha tatu kitoke Albert kwenda kaskazini hadi Nimule. Faida ya kwanza ni ya mashine: kila kipande kina mstatili mdogo wa kuchora na muda mfupi. Faida ya pili ni ya ukweli wa ramani. Madoido ya kufunua hayafuati mto. Hufunua kama pazia linalovutwa upande mmoja, na pazia linalopanda kutoka chini huufunua kwa pamoja kila upinde ulio kwenye kimo kimoja. Ndiyo maana kwenye faili lako, nilipolitazama polepole, eneo la Ziwa Albert linajitokeza kabla mstari haujafika Karuma. Vipande vikiwa vitatu, unaweza kukipa kila kimoja upande wake: cha kwanza kifunuliwe kutoka chini, cha pili kutoka kulia kwa kuwa mto pale unaelekea zaidi magharibi, na cha tatu kutoka chini tena. Ukitaka cha pili kiwe sahihi zaidi, kikate Karuma, pale mto unapokunja, upate vipande vinne. Kila kipande kianze kwa kubofya, si chenyewe baada ya kingine, ili msimulizi amalize sentensi yake ndipo mto uendelee. Sekunde mbili hadi tatu kwa kipande zinatosha.

Vitaa vya mabwawa ni vitano: Nalubaale na Kiira hapo hapo Jinja, Bujagali, Isimba, na Karuma. Kila kimoja umekipa mpigo unaojirudia hadi mwisho wa slaidi. Kinapowaka cha Karuma, vile vinne vya nyuma yake bado vinapigapiga, na mstari nao unatembea. Hayo ni madoido sita kwa wakati mmoja, yote yakidai fremu ile ile. Fungua kidirisha cha uhuishaji, bofya kila kitaa, nenda kwenye muda, na ubadilishe marudio yawe mawili. Baada ya hapo kitaa kibaki kimewaka bila kutikisika. Aidha, mchoro wa taa ulioutumia ni wa vekta, yaani unaochorwa kwa hesabu za mistari badala ya nukta, ulioshushwa kutoka kwenye intaneti, wenye vijisehemu vingi vya rangi inayofifia. Ukate, kisha uubandike kwa ubandikaji maalumu kama picha ya PNG, na uhuishaji uuweke upya juu ya picha hiyo, kwa kuwa hupotea kitu kinapokatwa. Ni kazi ya dakika tano inayoondoa hesabu ambayo kompyuta ingeirudia bila sababu.

Video fupi ya simu iliyoko kwenye slaidi ya mwisho sikuichunguza sana. Nimeona tu kwamba imerekodiwa kwa mfumo wa kubana video uitwao HEVC, ambao laptop nyingi za zamani hazina kifaa cha kuufungua, hivyo prosesa hufanya kazi yote. Igeuze iwe MP4 ya H.264 kwa 720p, na iingize upya.

Ukishayafanya hayo ndipo uliangalie suala la draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kukiendesha kifaa, na uharakishaji wa michoro, ambalo mafundi wengi hulikimbilia kwanza. PowerPoint huitumia sehemu ya michoro ya kompyuta kuchora maonyesho badala ya kuitegemea prosesa peke yake. Draiva ikiwa nzuri, huo ni msaada mkubwa. Ikiwa mbovu au ya zamani mno, msaada hugeuka mzigo. Katika dirisha la kupanga onyesho la slaidi kuna kisanduku kilichoandikwa «Disable hardware graphics acceleration». Kiwekee alama, endesha slaidi, kisha kiondoe alama, uendeshe tena. Ukiona kwamba kukiwekea alama kunaleta nafuu, basi umepata dalili ya draiva mbovu, na kazi ni kuitafuta draiva sahihi kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptop kwa kutumia namba ya modeli iliyobandikwa chini yake. Usikiache kimewekwa alama ukahesabu kwamba umemaliza. Umehamisha kazi tu kutoka kwa mtu aliyesomea kuchora na kumpa mhasibu.

Kwa wasomaji wengine waliopigiwa Windows upya dukani, angalieni jambo moja zaidi: fungua kidhibiti cha vifaa, sehemu ya skrini. Mkikuta pameandikwa «Microsoft Basic Display Adapter», basi draiva ya michoro haikuwekwa kabisa, prosesa ndiyo inayochora kila kitu, na hakuna slaidi yenye uhuishaji itakayokwenda sawa hadi draiva iwekwe. Wewe, Mwalimu, nadhani hilo halikuhusu, kwa kuwa draiva hiyo ya msingi kwa kawaida haikubali skrini mbili zenye maudhui tofauti, na ya kwako inakubali.

RAM ya GB 4 ni finyu, sikatai. Kabla ya kuanza, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame kumbukumbu na diski. Funga kivinjari na WhatsApp ya kompyuta, na usubiri masasisho ya Windows yamalize kama diski inaonyesha asilimia 100. Iwapo utapata fedha kidogo baadaye, kuongeza RAM ifike GB 8 na kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, kutaisaidia laptop hiyo katika kila kazi, kwa gharama iliyo chini sana ya laptop nyingine. Ongea na fundi wako kwanza aangalie kama RAM yake inatoka, maana kwenye baadhi ya modeli imechomelewa kwenye bodi.

Na kwa kuwa siku ya onyesho haingoji, andaa akiba. Wengi watakushauri uigeuze slaidi kuwa video kupitia menyu ya kuhamisha, na ni kweli kwamba video ya 720p itatembea vizuri hata kwenye mashine dhaifu, kwa sababu hakuna tena cha kukokotoa. Kwa somo lako siipendekezi. Video haimsubiri mtoto aliyesahau ngeli. Mibofyo yako yote hugeuka kuwa muda uliopangwa. Badala yake, ukishaumaliza mto wa vipande vinne, irudufu slaidi hiyo mara nne kwa Ctrl na D, na katika kila nakala uondoe uhuishaji wote na uache tu vipande na vitaa ambavyo vingekuwa vimeshaonekana: ya kwanza mto uishie Kyoga, ya pili Karuma, ya tatu Albert, ya nne Nimule. Ziweke mwishoni mwa faili na uandike namba zake kwenye karatasi yako. Mstari ukianza kuruka mbele ya wageni, andika namba ya slaidi, bonyeza Enter, na msimulizi aendelee na sentensi yake pale pale alipoishia.